Fahali wa Saba kwa Saba

Jumatatu, 4 Machi 1996. Kathonzweni
Majina ya kata mbili, nimetaipu tangu asubuhi. Vidole vinauma. Hakuna aliyenisemesha ila kuuliza kama DO, bosi wetu wa tarafa, yupo. Miezi saba tangu nitoke Mutomo, bado mimi ni "yule karani". Jioni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kisha kadi.
Mwalimu Kioko amenikopesha kadi ya Fahali wa Moto. Kakake alimletea sanduku la kadi hizi kutoka ng'ambo, na hapa sokoni ni sisi wawili tu tunaozicheza, kila Jumamosi. Anasema Fahali ndiye kiumbe bora kwenye sanduku zima. Mimi sina hakika. Akaniambia nimpime, kisha nimletee ripoti kama mkaguzi wa shule.
Nguvu saba, uhai saba. Hakuna mwingine anayepita tano. Gharama: kadi sita za ardhi mezani kabla hajaingia. Na kila zamu lazima umtolee kiumbe chako kimoja, la sivyo anakuumiza wewe uliyemleta.
Nimemweka ndani ya Biblia asikunjike. Sina kitu kingine kizito.

Jumatano, 6 Machi
Michezo kumi peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Fahali ameshinda minne. Mara tatu ardhi sita hazikufika kwa wakati. Mara tatu amemaliza wadogo wote, akanigeukia. Ni kadi ya mtu ambaye tayari anashinda. Aliye nyuma haimwokoi.
Nimefurahi kupita kiasi. Sina wa kumwambia hadi Jumamosi.

Jumapili, 10 Machi
Jana Mwalimu alikuwa mazishini Kikima. Hatukuonana.
Leo kanisani nilifungua Isaya, Fahali akaanguka miguuni pa Mzee Nzioka. Ni mzee wa kanisa, tena ndiye mwenye chumba ninachopanga. Pembe, macho mekundu, moshi puani. Na siku hizi kila mtu ananong'ona habari za wanaomwabudu shetani mashuleni. Aliiokota kadi, akaigeuza. Akauliza ni ya nani.
"Ni ya Mwalimu Kioko," nikasema.
Ni kweli. Lakini nilisema upesi, na nikaishia hapo. Akaitia mfukoni.

Jumanne, 12 Machi
Kikao cha wazee wa kanisa. Mimi ndiye katibu, kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwalimu aliitwa, kwa kuwa ndiye anayefundisha watoto Jumapili. Mzee Nzioka alikuwa amesomewa maandishi ya kadi na binti yake. Akataka kujua ni vipi Mkristo anamtolea mnyama huyu kafara. Mwalimu hakukasirika.
"Wazee wangu, ni mchezo tu, kama bao. Karani hapa anaujua kuliko mimi. Muulizeni."
Wote wakanigeukia. Nikaendelea kuandika. Hakukuwa na la kuandika.
Mzee mmoja akasema tumwache karani, ni mtu wa serikali, hata akicheza atataka fomu. Wakacheka. Nami nikacheka.
Uamuzi: Mwalimu asifundishe watoto tena. Kadi ichomwe Jumapili mbele ya washirika. Niliandika: "Mwalimu hakuwa na la kujitetea." Mwandiko safi kabisa. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 14 Machi
Mwalimu alileta fomu ofisini. Akasalimia kila mtu. Nami akanisalimia, sawasawa na wengine. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 16 Machi
Sikwenda kwa Mwalimu kucheza. Naye hakuja. Nimepiga pasi mashati yangu yote matatu.

Jumapili, 17 Machi
Katibu husoma kumbukumbu za kikao kabla ya matoleo. Nilipofika kwenye ule mstari, niliacha kusoma. Nikasema mstari huu si wa kweli. Mwalimu alijitetea, na alinitaja. Mimi hucheza naye kila Jumamosi, na kadi ilianguka kutoka Biblia yangu. Nikaketi.
Waliichoma hata hivyo, nyuma ya kanisa. Ilikawia kushika moto. Mwalimu hakuwepo. Nimesema yote hayo na yeye hakusikia.
Mzee Nzioka alipiga hodi jioni. Hakupandisha sauti. "Kijana wangu, mwisho wa mwezi utafute chumba kingine."

Jumatano, 20 Machi
Nimeuliza vyumba mahali pawili. Vimejaa, wanasema. Kimoja nilikiona kitupu.
Ukatibu amepewa mtu mwingine. Hawakunijulisha, nilisikia ofisini.

Jumamosi, 23 Machi
Nilikwenda kwa Mwalimu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa akisahihisha daftari za hesabu, marundo mawili. Nikasimama kizingitini. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga njiani. Akasogeza stuli kwa mguu, akanipa kalamu nyekundu.
Tulisahihisha hadi jua likashuka. Hakuna aliyetaja kadi. Swali la tisa wengi wamelikosa, wote kwa namna moja. Nikamwonyesha. Akaliangalia.
"Hilo ni kosa langu," akasema. "Nililifundisha haraka."
Akachukua daftari nyingine.