Resori za kumushinda Innocent

Jumapili

Eti "inasimama muzuri"! Tangu jirani yetu Innocent aweke resori mupya, zile springi za chini, nyuma ya motoka yake, bibi yangu anaisifu kila siku tukiwa kwa meza. Yangu ilikuwa imelala nyuma, sababu ya samaki sambaza nilizokuwa ninabeba zamani kutoka Rubona.

Jana fundi aliniambia waziwazi: "Papa Aline, siku hizi unabeba watu tu. Weka za kawaida. Hizi ndefu zitaacha matako ya motoka juu sana."

"Innocent aliweka gani?"

"Za kawaida."

"Bon. Mi niwekee ndefu."

Leo asubuhi mama mukwe alikuja twende naye kanisani. Aliangalia kiti ya nyuma, akaangalia magoti yake.

"Mukwe wangu, huku nitapanda na ngazi?"

Innocent alikuwa anatoka. Alifungua mulango ya motoka yake, mama akaingia bila shida. Bibi yangu naye akaingia, eti amushikie mama mukono.

Nilifuata nyuma yao mpaka kanisani Nengo, mi peke yangu, motoka imeinamisha kichwa. Kupitia kioo yao ya nyuma niliona bibi anacheka. Kwangu hachekake hivyo.