Kidonda Ndani ya Gambuti

Mama Oresta, nakusalimu kutoka Mbamba Bay, kwenye joto na samaki mbasa wa kuchoma.

Tangu tulipochuma kahawa nilikuficha kidonda cha unyayo. Ndiyo maana sikuvua gambuti mbele yako. Leo daktari, binti wa umri wa mjukuu wetu, amenivua mwenyewe.

“Babu, ninyi wanaume wenye sukari mnaficha miguu mpaka ikatwe. Na bibi naye ana sukari?”

Nikasema nawe una sukari, unahema ukipanda shambani, nami hukwambia ni uzee. Akanuna.

“Sukari huumiza moyo wa mwanamke kuliko wenu. Apimwe.”

Mguu wangu haukatwi, Mungu ashukuriwe. Ila nimezeeka, siku zangu za kuishi ni chache. Sitaki kukuachia jibu lile la uzee. Nisamehe. Ukapimwe moyo, kisha uje tule samaki. Nitakaa peku mbele yako.

Baba Oresta