Jumla ya Karatasi ya Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili
Makazi: kwa mama yake, nyuma ya kituo cha mafuta
Yameandikwa tarehe 18, saa tatu asubuhi, mama yake akiwepo.

Mnamo tarehe 14 darasa letu lilitumika kupigia kura. Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, nilikuta matokeo yamebandikwa mlangoni. Nina mazoea ya kunakili kila kinachobandikwa pale, hata zamu za usafi. Niliandika kwenye daftari: mgombea wa kwanza 187, wa pili 206, zilizoharibika 9. Kwenye karatasi ya mlangoni jumla iliandikwa 412. Nilijumlisha nikapata 402. Mwalimu wa hesabu hataki tuache kosa lipite, kwa hiyo niliandika 402.

Tarehe 16 orodha ya matokeo ilitolewa. Matokeo ya kituo chetu cha kura yalikuwa yamegeuzwa: 206 zikawa za mgombea wa kwanza. Watu waliingia barabarani.

Tarehe 17 asubuhi mjomba wangu, mwenye duka la fotokopi karibu na stendi, aliomba daftari langu atoe nakala za kuuza.

"Mpwa wangu, hii ndiyo ya mlangoni kabisa?"

"Neno kwa neno, mjomba."

Sikukumbuka ile jumla.

Kufikia saa nne foleni ilifika duka la dawa. Mama mmoja alisema, "Nipe mbili, baba. Moja nitaibandika kwenye jokofu, mume wangu anabisha tangu jana." Tulicheka. Kisha mabomu ya machozi yalilia na foleni ikatawanyika.

Saa nne na dakika arobaini askari wawili waliingia na karatasi iliyobanduliwa mlangoni. Mmoja alisema, "Hapa 412, kwako 402. Mzee, kura kumi umezila?"

Mjomba alijibu, "Kura haziliwi, afande."

Alifungwa pingu kwa kughushi matokeo. Alinitazama nilipokuwa nyuma ya mashine, hakusema daftari ni la nani. Nami sikusema kuwa ni langu. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwandiko ni wangu. Sikumwongezea wala kumpunguzia mgombea yeyote kura. Naomba karatasi zote mbili ziwekwe pamoja, mstari kwa mstari.

Nimeeleza niliyoyaona na niliyoyafanya, bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia)
Sahihi ya mama: (ametia)

Maelezo ya askari mwandishi: Daftari limepokelewa kama kielelezo. Nimelinganisha karatasi zote mbili. Kura za wagombea zinafanana. Nimejumlisha mwenyewe, mara mbili: 402. Nazipeleka kwa mkuu wa kituo cha polisi sasa hivi, pamoja na orodha iliyotangazwa.