Kifuniko cha Mashine Yako

Muleba, Jumapili ya kwanza ya Juni

Mpendwa Baba Koku,

Leo nimefagia karakana yako. Vipande vya chuma nimeviacha pale pale pembeni, maana wewe ulijua kila kimoja kina kazi gani, na mimi sijui. Miwani yako ya kuchomelea bado inaning'inia kwenye msumari.

Unakumbuka siku mashine ilipokubali? Ulikuwa umechoka kumwona baba yako akikanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa mti huku magoti yanamuuma. Ukasema omuramba, juisi yetu ya ndizi, lazima upatikane bila miguu ya mzee. Magogo mawili ya kuzunguka, mnyororo wa baiskeli, mpini, basi. Juisi ilipoanza kutiririka uliikinga kwa kiganja ukanywa, nyuki wakakufuata hadi jikoni, ukatokea mlango wa nyuma na kuniachia mimi wote.

Kisha ukaichora ukutani, upande wa barabarani, pamoja na vipimo vyake vyote, ili fundi yeyote aige.

"Watakuibia, Baba Koku."

"Wataiba nini? Jirani akikuomba mche wa mgomba, unamnyima?"

"Mche hauna meno."

"Ndiyo maana nimechora na kifuniko. Soma ukuta, mama."

Koku anasema chuoni kwao Bukoba jambo hilo lina jina: usanifu huria. Wewe hukulipa jina. Uliamka tu asubuhi ukachora.

Hata baada ya kukuzika kibanjani, kati ya migomba yako, mafundi waliendelea kuja na simu zao kupiga picha ukuta. Niliwakaribisha wote. Nikuambie ukweli, sikuwa nafikiria mashine. Nilipenda kusikia watu wakilitaja jina lako. Fundi mmoja wa Izimbya alikaa muda mrefu akikusifu, na alipoaga akauliza, "Hili bati la juu ni la lazima?" Nikamjibu, "Sijui sana. Mzee alilipenda." Alilipenda! Ndivyo nilivyosema, kama vile ni kofia.

Bati ni ghali. Aliunda mashine bila kifuniko, akamuuzia Adventina, mjane mwenzangu, na magogo yakachukua vidole vyake viwili vya mkono wa kulia.

Nilikwenda kumwona na mkungu wa ndizi kichwani. Mkono aliuficha ndani ya kanga. Nikaanza kulia kabla sijaketi.

"Usinililie, Mama Koku," akasema. "Kidole cha kukunyooshea bado ninacho."

Akacheka. Mimi nilishindwa.

Niliporudi nilichukua chokaa nikapaka ukuta wote. Waliokuja niliwaambia mchoro umekwisha. Akaja mwanamke ambaye mume wake hawezi tena kukanyaga ndizi, kama baba yako. Naye nilimrudisha mikono mitupu, na sikumtazama usoni.

Kisha akaja Deus, fundi wa Kemondo, na mashine ameifunga nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo, mama. Nasikia umefunga duka."

"Marahaba. Nimefunga."

"Basi leo mimi ndiye nimekuletea mchoro. Inua kifuniko, halafu zungusha."

Nikainua. Mpini ukagoma. Ameweka pini ndogo: kifuniko kikiwa wazi, magogo hayasogei. Na kifuniko chenyewe amekifunga kwa bawaba, hakitoki. Nikamuuliza anataka nini. Akanishangaa. "Nitake nini? Mzee alinipa bure."

Tangu siku ile ninapima mambo mawili na hayalingani. Ningefunga mapema, Deus asingepata cha kutengeneza. Ningemjibu vizuri fundi yule, Adventina angekuwa na vidole vyake. Hilo la kwanza halinifutii la pili.

Nikakumbuka ugonjwa wa mnyauko ulivyoingia shambani kwetu kwa mche wa zawadi. Uling'oa migomba iliyougua. Nilidhani hutagawa mche tena. Ukawasha moto, ukawa unachoma kisu kuua ugonjwa kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na kabla ya kumpa mtu mche unaukagua. Kugawa hukuacha.

Kwa hiyo mchoro umerudi ukutani, pamoja na pini ya Deus. Anayetaka kuiga namkalisha humu karakanani aunde kifuniko kwanza, nikiona kwa macho yangu. Wengine hununa. Wanune. Yule mwanamke niliyemrudisha nilimfuata mwenyewe hadi kwake.

Adventina nilimpelekea mashine ya Deus. Anazungusha kwa mkono wa kushoto. Jana alinitumia chupa ya omuramba, nami nimeiweka hapa mezani mbele yangu ninapokuandikia. Sijaweza kuinywa.

Huko uliko unikumbuke, Baba Koku. Ila Adventina umkumbuke kabla yangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Koku