Sufuria ya Uji ya Bugomora

Koku mpwa wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia! Niko Bugomora, nawaendesha wataalamu wanaopima kama unga wa lishe umewasaidia watoto. Bila mimi wangeshaibukia Rwanda. Mvua ya huku inasomba migomba na mikungu yake.

Leo mtoto mmoja hakuwa ameongezeka uzito hata kidogo. Daktari wao akamuuliza mama yake, "Unga unaupeleka wapi?" Mama akainama, akiogopa kufutwa kwenye orodha. Nikaingilia, maana wao wanajua vitabu, mimi najua majiko. "Dada, hebu tuone sufuria unayopikia." Akaleta sufuria ya harusi, inatosha kwaya nzima! Kumbe watoto wa vibarua wanaochuma kahawa jirani hunywa hapo pia.

Mama akaniuliza, "Nifunge mlango, shemeji, mwanangu anywe wenzake wabaki kunusa?"

Daktari akasema, "Mama, hufutwi. Mzee, tundika tena mizani, waite wote."

Nikawapandisha mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mwepesi kuliko mwavuli wangu, Koku, na nikakosa la kujisifia.

Mbebe mjukuu wangu kwa niaba yangu, na umshibishe.

Mjomba wako,
Rwega