Mama, Stela Haumwi

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka.

Bado niko huku Sikonge kwenye mashamba ya tumbaku, na Stela ninaye. Tulipokuzika kule Kasulu, Shangazi alisema hawezi kukaa na mtu mzima asiyetoa shikamoo wala kukubali kushikwa mkono. Basi nikamchukua mdogo wangu. Shida ni kwamba hataki kula. Anakaa mbele ya sahani mpaka ugali unakuwa jiwe.

Nikampeleka Tabora mjini kwa mshauri nasaha, kijana mmoja. Nilimpeleka kwa sababu ya msiba, Mama, si kwa sababu ya namna alivyo! Yule kijana akaanza: "Dada, niangalie machoni." Stela akageukia ukuta, akaanza kuvuma kama nyuki, kawaida yake. "Acha hiyo sauti kwanza, ndiyo tuongee." Muda wote ukaishia hapo. Eti ugonjwa wake ukipungua, na huzuni itapungua. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu alizaliwa hivi. Aliyekufa ni mama yake." Nikatoka nimefura.

Huku kwenye kambi ya vibarua wa tumbaku nako ni yaleyale. Mara ana pepo, mara aombewe. Wewe ungewaambia, "Stela ana namna yake, na wewe una yako, tena mbaya."

Tuliporudi mjini tukapewa mshauri mwingine, mwanamke wa makamo. Stela hakumpa mkono, alipiga makofi taratibu, ile salamu uliyomfundisha. Yule mwanamke naye akapiga. Akamwacha atazame dirishani, avume atakavyo. Baadaye sana akamuuliza, "Stela, unamsubiri nani?"

"Mama. Hajala."

Mama, hakuna aliyemwambia! Siku ya mazishi wakubwa walimfungia kwa jirani, eti mgonjwa ataharibu shughuli. Sisi wote tulitupa udongo kaburini. Yeye hakutupa. Halafu watu wanashangaa kwa nini hali!

Mshauri akamwambia palepale kwamba umekufa, hutarudi kula. Hakusema umesafiri, wala umelala. Stela akavuma kwa nguvu, na hakuna aliyemnyamazisha. Jioni yake alikula. Kidogo, lakini alikula.

Tumbaku ikishauzwa nakuja naye nyumbani. Atachota udongo kwa mkono wake na kuuweka juu yako, hata kama itamchukua kutwa nzima. Safari hii hafungiwi ndani na mtu yeyote.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Yohana