Wapangaji wa Nyumba Kubwa

Bunia, tarehe 6 mwezi wa saba, 2003

Yaya Henri, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, mimi dada yako Prudence. Nakusalimia pamoja na mulamu wangu Denise na watoto, Rodrigue na Tina, ambao nasikia wanasema Kiingereza siku hizi na kumcheka mama yao akikosea. Mgongo wako umepona? Kampala mmeizoea? Siye hapa tungali hai, na mwaka huu neno hilo si la kuanzia barua tu. Mama yuko Mahagi kwa mdogo wetu Théodore. Anakula vizuri, ila kila mtu anayefika kutoka Uganda anamuuliza kama amekuona.

Barua hii anaileta Claudine, muuza samaki, rafiki yangu wa kwaya. Nimemwomba asiiache kwa mtu mwingine. Tafadhali usiisome mbele ya watoto.

Umeuliza mara nyingi habari za parsele yako, kiwanja chako cha Rwambuzi, nami nilikujibu kwa kifupi, kwa sababu telefone ya setelaiti ni ya mfanyabiashara na watu wanasimama pale wakisikiliza. Leo nasema yote. Nyumba kubwa imesimama. Mabati ya manjanja yako juu ya paa bado, isipokuwa upande wa jikoni ambako risasi zimeyatoboa. Aneksi mbili, zile nyumba ndogo za nyuma, zimeibwa milango na madirisha. Kisima ni kizima. Kama ulitaka habari ya mali peke yake, hiyo ndiyo.

Sasa habari ya watu.

Mwaka jana, mji ulipotulia kidogo, ulinipigia ukaniambia kwamba Laurent, yule komisioneri anayetafutia watu nyumba, amekupatia mpangaji mzuri wa nyumba kubwa, mchuuzi wa mbao, ambaye atakulipa huko huko Kampala. Ukaniagiza nimhamishe Muzee Gaspard kwenye aneksi. Unamjua Gaspard: muganga wa dispansari, mtu wa kwao Djugu, aliyekaa katika nyumba yako tangu ulipoondoka na hakuwahi kunisumbua. Alipaka rangi mwenyewe. Watoto wa avenyu nzima walipigiwa sindano kwenye baraza yako. Nilipomwambia ahame akasema, nyumba ni ya mwenyewe. Yeye na mke wake Kanyere walibeba vitanda vyao mchana ule ule.

Kisha mpangaji wako akafika. Hakukuja na mbao. Alikuja na pikapu iliyojaa vijana wenye bunduki, na mtu mmoja mnene, mpole wa sauti, ambaye walimwita Komanda. Nilimkimbilia Laurent nikamuuliza ni kitu gani hiki. Alisema mimi kazi yangu ni kutunza nyumba, si kuchagua kabila la wapangaji. Nilimwambia sikusema kabila, nimesema bunduki. Akafunga mlango.

Wapangaji wa aneksi ya kwanza walihama bila kuaga. Gaspard alibaki, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Njia ya kwao ilikuwa imefungwa, na huko nako nyumba zilikuwa zinaungua. Aliniambia kwamba mtu anayetibu hana adui. Alitibu hata vijana wa Komanda walipougua malaria.

Tukaanza kusikia watu ndani ya depo, ile chumba ya nyuma uliyoijenga kwa mawe ili kuwekea kahawa. Kwanza nilijidanganya kwamba ni askari wanaolala humo. Lakini askari hawalii. Majirani wote walijua, na wote waliongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne Kanyere alikuja kwangu bila kitambaa kichwani. Gaspard alikuwa ametoka kuchota maji, vijana wakamshika pale kisimani, wakasema ametibu majeruhi wa upande mwingine. Walimpeleka depo. Alivuka kiwanja kile kile ambacho yeye hufagia, mke wake akitazama. Kanyere hakulia mbele yangu. Aliniambia hivi:

“Weye njo mwenye kushika nyumba hii, Prudence. Fungulo zilikuwa kwako. Wende uwaambie.”

Yaya, niliogopa hata nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Lakini nilikwenda. Komanda alinipokea vizuri, akaniletea kiti, kiti chako kile chenye mikono. Nilimwambia Gaspard ni mpangaji wetu na ni mtu wa sala. Akanijibu kwamba yeye pia ni mpangaji wetu, tena analipa vizuri, na kwamba bayeri, mwenye nyumba anayejiheshimu, haingii mambo ya ndani ya mpangaji. Aliongeza neno lingine, ambalo nitaliandika chini kwa sababu mkono wangu haujawa tayari.

Nilipoinuka kuondoka nilitazama ukuta wa depo na wazo likanijia, si la akili, ni la woga. Nikamwambia Komanda kwamba ukuta ule umelala. Maji ya choo yameingia chini ya msingi. Mvua moja kubwa, utaanguka na kuvuta paa ya nyumba nzima. Nilisema nikiwa nimekunja uso kama mtu anayehesabu hasara yake. Alikwenda kutazama. Ufa ulikuwepo kweli, ule wa siku zote. Akasema nilete mafundi, upesi, wasichelewe.

Nilimwendea Michée, fundi aliyekujengea nyumba hiyo. Nilimwambia kweli yote, kwamba tunataka kumtoa Gaspard kati ya wabeba mawe. Mke wake alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Michée akaniuliza tu kama nina simenti.

Tulianza kazi jua likiwa tayari kali. Michée alivunja ukuta kwa ndani, na wasaidizi wake wawili walibeba mawe na udongo hadi korongoni, nje ya lango, wamejifunika magunia kichwani na mabegani. Mle depo walikuwa watu wanne, wamekaa pembeni. Niliingia kukagua, nikamwona Gaspard. Jicho moja lilikuwa limefungwa. Hakunionyesha kwamba ananijua. Michée aliinama karibu yake kama anapima msingi, akamnong’oneza. Mlinzi alikuwa mlangoni anakohoa kwa ajili ya vumbi, na baada ya kitambo akasogea kivulini.

Wabebaji waliingia na kutoka, wakaingia na kutoka, hadi vijana wa langoni wakaacha kuwatazama. Kisha Michée akagonga ukuta kwa nguvu, ishara yetu. Akatoka mtu mmoja, gunia kichwani, mweupe kwa simenti hadi kwenye nyusi, amebeba jiwe kifuani. Nilitangulia mbele yake nikimgombeza. Nilimwita mvivu, nilimwambia kwamba nitamkata posho, kwamba watu wa siku hizi wanapenda kula bila jasho. Mmoja wa vijana langoni akacheka, akaniambia, “Mama, weye ni mukali kuliko Komanda.” Na mimi nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Kanyere alikuwa anangoja korongoni na shati safi ya mume wake. Yule mtu aliweka jiwe chini, akaondoa gunia. Hakuwa Gaspard.

Alikuwa kijana anaitwa Anaclet, anayeendesha pikipiki ya mizigo njia ya Mahagi. Alianza kuomba msamaha kabla hatujamuuliza. Alisema Gaspard ndiye aliyemvika gunia. Vijana wa Komanda walikuwa wamepanga kumchukua Anaclet jioni ile, na waliochukuliwa jioni hawakurudi. Gaspard alimwambia, “Mimi bado wananihitaji kwa dawa. Weye hawakuhitaji kwa kitu.”

Kanyere alisimama. Nilifikiri atampiga. Alimtazama miguuni, mikononi, usoni, kama anatafuta kitu cha mume wake. Kisha akampa ile shati. Akamwambia avae haraka, apite njia ya mashamba ya mihogo.

Tulitaka kurudi kumtoa Gaspard pia, lakini Komanda alirudi kabla ya mchana kwisha, akasimama juu ya kichwa cha Michée mpaka ukuta ukafungwa. Siku ile ile, kabla hawajahesabu watu wa depo, Michée alikimbilia Boga pamoja na watu wake. Mimi na Kanyere na watoto wake tulijificha paruasi, kwa mapadri. Mapigano ya mwezi wa tano yakaja, na Komanda na watu wake wakapakia pikapu wakaondoka. Tuliporudi, depo ilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu, wala kaburi, wala kiatu. Tumeuliza hospitali, tumeuliza askari wa Ulaya waliokuja kulinda mji, tumeuliza kwenye kambi ya wakimbizi kule karibu na uwanja wa ndege. Hakuna.

Sasa naandika lile neno. Nilipokaa kwenye kiti chako, Komanda aliniambia nisihangaike kukuripotia, kwa kuwa anaongea nawe mwenyewe kila anapokulipa. Akasema wewe ndiye uliyemweleza, kabla hajahamia, kwamba depo iko solide, imara, haina dirisha, na sauti haitoki. Nilimwambia anasema uongo. Akatabasamu, akanitajia jina la Tina, na kwamba amepoteza meno ya mbele.

Yaya, hayo meno hata mimi sikuyajua.

Sikuandiki ili ujitetee. Labda ulifikiri ni kahawa, au labda hukutaka kufikiri. Hilo utalijibu kwa Mungu. Mimi kuanzia leo si mtunzaji wa nyumba zako. Fungulo nimempa Kanyere. Analala katika nyumba kubwa pamoja na watoto wake, wala hatalipa kodi, na Laurent akija kumtoa atanikuta mlangoni.

Ninakuomba kitu kimoja kwa jina la baba yetu. Namba ya Komanda unayo. Mpigie. Usimkaripie, usimtishe, ongea naye kama mlivyozoea kuongea. Muulize Gaspard alimpeleka wapi. Ikiwa ni hai, mahali gani. Ikiwa si hai, mahali gani. Kanyere hajavaa nguo ya matanga, na hawezi kuiweka mbali pia.

Claudine atakuwa Kampala mpaka amalize kuuza samaki. Mpe jibu mkononi. Nibusie Rodrigue na Tina, mwambie Denise nimeipata kitenge na ninaivaa kanisani. Mungu akulinde, na akupe ujasiri wa kushika ile telefone.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Prudence